Chakula cha kuagiza mtandaoni: tunaamini nini hasa, na tukague nini kinapofika mlangoni?

#1 KipimaJoto (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Swali la "hiki chakula cha kuletewa ni salama?" karibu kila mara hujibiwa kwa nyota. Mtu anafungua programu, anaona 4.8 na maoni kibao, anabonyeza oda. Nyota hizo zinapima ladha, ujazo wa sahani na kasi ya kufika. Usalama hazipimi, na sababu kubwa ni muda. Sumu ya bakteria aitwaye Staphylococcus aureus humtapisha mlaji kati ya dakika 30 na saa 8. Clostridium perfringens huharisha baada ya saa 6 hadi 24. Salmonella huchukua saa 6 hadi siku 6, Campylobacter siku 2 hadi 5, homa ya ini A siku 15 hadi 50. Maoni yenyewe yanaandikwa mtu akiwa bado ananawa mikono. Akiumwa siku ya nne analaumu alichokula jana yake, na jiko lililomdhuru linabaki na nyota zake tano.

Hoja yangu ni kwamba imani yetu tuihamishie kwenye vitu vinavyoacha alama: saa chakula kilipoiva, joto lake kinapofika, lakiri ya mfuko (stika ya kuonyesha kama umefunguliwa), na anwani ya jiko pamoja na namba ya kibali. Jiko lililo tayari kukuonyesha hivyo vinne linastahili pesa yako hata kama lina nyota 4.1.

Msingi wa joto unajulikana. Kanuni Tano za Chakula Salama zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2001 zinasema chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa 2 (nyuzi zote humu ni za Selsiasi). Hewa ikizidi nyuzi 32, wataalamu wengi wanashusha hadi saa 1.

Wanapokosea watu ni pale pa kuanza kuhesabu. Saa haianzi chakula kinapofika mlangoni. Inaanza kinaposhuka chini ya nyuzi 60, na mara nyingi hapo bado kiko kaunta kinamsubiri msafirishaji. Piga hesabu ya kawaida tu: dakika 20 kaunta, dakika 35 njiani, dakika 10 getini au mapokezi, dakika 30 mezani. Hiyo ni saa 1 na dakika 35. Anayesema "nitamalizia baadaye kidogo" ana dakika 25 mkononi, na hajui.

Wenye uzoefu wa majiko, usafirishaji, maabara na ukaguzi, karibuni tujaze nyama.

#2 JikoNyuma

Uzi mzuri mkuu. Naanza na jikoni, maana chakula kikiharibika huku, mfuko wa joto hauwezi kukitengeneza.

Oda za mtandaoni huja kwa mafuriko. Jiko linalohudumia meza 30 linajua lina meza 30. Jiko la mtandaoni linaweza kupokea oda 40 ndani ya dakika 15, kwa hiyo linapika mapema na kuweka. Hapo ndipo wali, mchuzi mzito na nyama ya vipande vikubwa vinapogeuka hatari. Vyote hivyo hupoa polepole katikati. Sufuria ya lita 20 ikiwekwa nzima kwenye friji, kiini chake kinaweza kubaki vuguvugu hadi asubuhi huku ukingo ukiwa baridi. Utaratibu sahihi ni kumimina kwenye trei zisizozidi kina cha sentimita 5, kuziacha bila kufunika kabisa hadi mvuke uishe, kuzizungushia barafu, na kuhakikisha joto linashuka kutoka 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 nyingine. Hatua ya kwanza ikishindikana, chakula kinarudishwa motoni mara moja au kinatupwa. Hakuna kusema "kitaendelea kupoa".

Kosa la pili ni la mfuniko. Vyakula vya kukaanga hulainika vikifungwa na mvuke, na mteja analalamika, basi jiko linaacha mfuniko wazi au linafunga baada ya kupoa. Mteja anapata chakula kikavu chenye nyuzi 45. Dawa ni chombo chenye matundu madogo juu, karatasi ya kufyonza chini, na mchuzi kwenye kikopo chake. Chakula kifungwe kikiwa nyuzi 75 au zaidi.

La tatu ni lebo. Kila chombo kiwe na jina la chakula, saa kilipofungwa na herufi za aliyefunga. Risiti ya programu inaonyesha saa ya oda, na hiyo haisemi kitu kuhusu kuiva. Jiko linaloandika saa ya kufunga limekubali kukaguliwa na mteja wake, na mimi hilo naliheshimu kuliko cheti kilichotundikwa ukutani.

#3 Msomaji_Mpya

Wakuu, swali. Kama kimefika vuguvugu, si nakipasha hadi kichemke na vimelea vinakufa? Kwa nini nitupe?

#4 Maabara_Usiku

@Msomaji_Mpya hili ndilo kosa linalowapata hata watu makini, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Moto unaua bakteria hai. Sumu ambayo bakteria wamekwisha kuitoa ni habari nyingine, na ziko mbili zinazovumilia moto wako. Ya kwanza ni ya Staphylococcus aureus, bakteria anayeishi puani na kwenye ngozi ya watu wengi wenye afya. Anaingia kwenye chakula kwa mkono wenye kidonda au mkono uliogusa pua. Akikaa kwenye joto la chumba kwa saa kadhaa anatoa sumu ambayo maji yanayochemka hayaivunji. Ya pili ni ya Bacillus cereus, mgeni wa kawaida wa wali na tambi. Spora zake, yaani mbegu zake ngumu, hupona kwenye kupika, huchipua wali unapopoa taratibu, na sumu yake ya kutapisha imepimwa ikavumilia nyuzi 121 kwa dakika 90. Kupasha kwa kawaida kwenye mikrowevu au jiko la nyumbani hakufiki huko.

Kisha kuna Clostridium perfringens, anayependa nyama na mchuzi. Kwenye nyuzi 43 hadi 45 hujigawa kila dakika 10 hivi. Mchuzi ukianza na bakteria 100 kwa gramu na wote wakiwa kwenye kasi hiyo, baada ya saa 1 ni 6,400, saa 2 ni 409,600, saa 3 ni zaidi ya milioni 26. Kiwango kinachoumiza ni kuanzia milioni moja hivi kwa gramu. Tazama hapo mpaka wa saa 2 ulivyo na maana yake. Huyu kupasha vizuri kunamuua, kwa sababu sumu yake huitoa akiwa tayari tumboni mwako.

Kwa hiyo jibu: kimefika vuguvugu na unajua kwa hakika kimefungwa chini ya saa moja iliyopita, kipashe kote hadi nyuzi 75 na ule. Huijui saa yake? Wali, nyama, maziwa, mayai na samaki, tupa.

Kuhusu kupasha: nyuzi 75 kwa sekunde 30 ni sawa na nyuzi 70 kwa dakika 2, au nyuzi 65 kwa dakika 10. Mikrowevu huacha sehemu baridi, hivyo koroga katikati ya muda, kisha acha kitulie dakika 2 kabla ya kupima. Na pasha mara moja tu. Kiporo kilichopashwa kikabaki tena, safari yake imeishia hapo.

#5 Mizigo_Baridi

Naingia upande wa njiani. Mfuko wa joto unapewa sifa ambazo si zake. Hautoi joto, unachelewesha tu kupotea kwake. Chakula kikiingia na nyuzi 55, kitatoka chini ya 55. Mfuko uliojaa hushika joto kuliko mfuko wenye kopo moja linalocheza ndani, kwa hiyo nafasi tupu ijazwe karatasi au taulo safi. Na kinywaji cha barafu kikiwekwa pamoja na chakula cha moto, vyote viwili vinakutana katikati, yaani palepale tunapopakimbia.

Angalieni pia oda za kuunganishwa. Programu nyingi humpa msafirishaji oda mbili au tatu kwa safari moja. Ya mwisho kushushwa ndiyo iliyokaa zaidi, na kila kituo zipu inafunguliwa. Ukiona kwenye ramani msafirishaji amesimama mahali pasipo pako, unajua kinachoendelea. Kwa chakula chenye samaki mbichi au maziwa, chagua njia ya moja kwa moja pale programu inaporuhusu, hata kwa nyongeza ya nauli.

Usafi wa mfuko sasa, maana hapa ndipo pachafu kuliko panavyosemwa. Mchuzi humwagika, unakauka kwenye mishono, na mfuko unakunjwa ukiwa na unyevu. Utaratibu ni huu: toa mabaki, osha kwa maji ya moto na sabuni kwa brashi laini hasa kwenye pembe, suuza, kisha pakaa maji ya klorini yenye miligramu 200 kwa lita. Kwa dawa ya kuweupisha nguo yenye klorini asilimia 5 isiyo na manukato, hiyo ni mililita 4 kwa lita moja ya maji. Subiri dakika 2, acha ukauke ukiwa wazi. Mchanganyiko utengenezwe kila siku, maana klorini hupotea. Na usiruke sabuni: mafuta na mabaki ya chakula huila klorini kabla haijafanya kazi. Kamwe usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, gesi inayotoka ni ya sumu.

Mfuko wa chakula usibebe nyama mbichi leo na saladi kesho. Kama haikwepeki, nyama iwe kwenye kasha lake gumu lenye mfuniko.

#6 Sina_Hakika

Mimi naona lakiri za stika ni maonyesho tu. Mtu akitaka kufungua atafungua, ana stika nyingine mfukoni. Tunalipishwa karatasi.

#7 Ufungashaji

@Sina_Hakika kuna stika za maonyesho na kuna lakiri, na tofauti inaonekana kwa macho.

Stika ya maonyesho ni ile ya plastiki nyororo yenye nembo, inayobandikwa katikati ya mfuko ambao una uwazi pembeni. Inabanduka nzima, inarudi nzima. Pini za stepla nazo ni hivyohivyo: zinatolewa na zinarudishwa kwenye matundu yaleyale. Lakiri ya kweli ni karatasi nyepesi yenye mipasuo midogo iliyokatwa tangu kiwandani, ili ukijaribu kuibandua ichanike vipande. Inavuka mdomo wa mfuko na kushika pande zote mbili, mfuko ukiwa umekunjwa angalau mara mbili. Walio makini huandika namba ya oda nusu juu ya lakiri na nusu juu ya mfuko, ili lakiri mpya isioane na mwandiko. Stika ya mfukoni haisaidii hapo.

Kinachoiangusha lakiri nzuri ni unyevu na mafuta. Ikibandikwa kwenye mfuko wenye umande, gundi haishiki, na hapo lawama humwangukia msafirishaji asiye na kosa. Zitofautishe hivi: lakiri iliyofunguliwa kwa nguvu huchanika kwenye mipasuo na kuacha nyuzi za karatasi. Lakiri iliyoachia huinuka nzima, na chini yake unaona maji au mafuta. Jiko lisubiri dakika moja mvuke utulie, lifute mfuko, ndipo libandike.

Kagua na kitako cha mfuko. Watu hutazama mdomo tu. Vinywaji vipewe kinga yake, ama utando ulioyeyushwa kwa joto juu ya kikombe ama stika inayofunika tundu la mrija.

#8 KipimaJoto

Nakazia hapo kwa @Ufungashaji. Lakiri imechanika? Piga picha kabla ya kugusa chochote, ikionekana namba ya oda, kisha kataa oda msafirishaji akiwa bado yupo kama inawezekana. Usigombane naye. Kama lakiri imeinuka nzima na vyombo vya ndani vimefungwa vizuri, mimi naweza kupokea. Kama na vyombo vya ndani havina lakiri, sipokei.

#9 Sina_Hakika

Sawa, hiyo ya kuandika namba ya oda juu ya lakiri na mfuko sikuwa naijua. Nakubali. Ila hata hiyo inamlinda mlaji dhidi ya njia tu. Jiko lenyewe likiwa chafu, lakiri inafunga uchafu ndani.

#10 Mkagua_Vibali

@Sina_Hakika umegusa pale pale, na ndiyo maana anwani na kibali vina uzito kuliko lakiri.

Jiko lisilo na ukumbi wa wateja linaweza kuuza kwa majina sita kwenye programu moja. Picha tofauti, nembo tofauti, jiko moja, ubao mmoja wa kukatia. Hilo peke yake si kosa. Tatizo ni kwamba jina likichafuka linafutwa na jipya linafunguliwa, maoni yanaanza upya. Kinachobaki palepale ni anwani na kibali. Kwa hiyo:

Fungua ukurasa wa muuzaji, shuka hadi sehemu ya taarifa za biashara. Tafuta jina la kisheria, anwani kamili na namba ya kibali cha chakula. Iweke namba hiyo kwenye rejesta ya mamlaka inayosimamia chakula mahali ulipo, uone kama ipo, kama haijaisha muda, na kama anwani inalingana. Kisha tafuta anwani hiyohiyo kwenye ramani. Ukikuta ni ghala la kawaida au nyumba ya kuishi, uliza. Programu isiyoonyesha lolote kati ya hayo, iandikie. Majukwaa hubadilisha kurasa zao wateja wanapouliza jambo lilelile mara nyingi.

Tofautisheni pia vyeti. Picha ya cheti haitoshi, kwa sababu cheti kina upeo wake: kinaeleza ni eneo gani na shughuli gani iliyokaguliwa. Cheti cha ISO 22000 (kiwango cha kimataifa cha usalama wa chakula) cha kiwanda cha kufungasha unga hakihusu jiko la saladi hata kama mwenye mali ni mmoja. Soma mstari wa upeo na tarehe ya mwisho. Kwa mizigo ya baridi inayopitia vituo vya kati kuna kiwango cha ISO 23412 cha mwaka 2020. Muuza nyama au samaki wa mtandaoni anayemtumia msafirishaji wa namna hiyo ana jambo la kukuonyesha.

Wapishi wa nyumbani wanaouza kupitia mitandao ya kijamii siwasemi vibaya, wapo wenye usafi wa kupigiwa mfano. Waulize maswali matatu tu: kibali chako ni namba ngapi, chakula cha leo kimepikwa saa ngapi, na friji yako inasoma nyuzi ngapi. Anayejibu la tatu bila kusita ana kipimajoto. Asiyejibu hana.

#11 Mama_Mzio

Naomba mzio uwe na nafasi yake, maana humu ndani tumezungumzia bakteria tu, na mzio unaweza kuua ndani ya dakika.

Moto hauondoi mzio. Chakula kikipikwa hadi nyuzi 100, protini ya karanga inabaki na nguvu ya kumuua mwenye mzio. Kile kisanduku cha "maelezo kwa jiko" kwenye programu msikitegemee. Maandishi yake huchapwa chini ya risiti kwa herufi ndogo, hukatwa yakizidi urefu, na wakati wa mafuriko ya oda hayasomwi. Utaratibu unaofaa: piga simu jikoni kabla ya kulipa, saa ambayo jiko halijalemewa. Uliza kama kiungo kimo ndani ya chakula chenyewe, kama kimo ndani ya sosi au viungo vya paketi, kama mafuta ya kukaangia yanatumika kwa vyakula vingine, na kama kisu na ubao vitabadilishwa. Uliza jina la unayeongea naye na liandike kwenye kisanduku cha maelezo pamoja na saa ya simu.

Msisitizo wa sosi una sababu. Jiko likikosa chapa ya kawaida hununua nyingine, na ufuta au soya vinaingia bila mtu kubadilisha orodha kwenye programu. Menyu ya mtandaoni inaweza kuwa nyuma ya sufuria kwa wiki nzima.

Chakula cha mwenye mzio kifungwe kwanza, kwenye mfuko wake, na lebo iwe juu ya chombo. Lebo ya mfuko peke yake haitoshi, maana vyombo vikitolewa mezani vinafanana. Jibu la "nadhani hakuna" lichukulie kama "kipo". Na sindano ya adrenalini iwe karibu hata kama umejibiwa vizuri.

#12 Friza_Nyuzi18

Kwa wanaoagiza mahitaji mabichi na ya barafu.

Vitu vya barafu huhifadhiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo. Pakiti ya njegere iliyofika ikiwa bonge moja, au nyama yenye barafu nyekundu iliyoganda chini ya trei, imeyeyuka na kugandishwa tena njiani. Ikifika imeanza kuyeyuka lakini bado ina chembe za barafu, au kipimo kinasoma nyuzi 5 au chini, ipike au igandishe. Ubora unapungua, usalama haujaguswa. Ikipita hapo na hujui tangu lini, rudisha.

Barafu kavu ikija na mzigo, usiishike kwa mkono mtupu: ina nyuzi 78.5 chini ya sifuri na inaunguza ngozi. Iache iishe yenyewe mahali penye hewa, mbali na watoto. Usiitie kwenye sinki wala kwenye chombo kilichofungwa kabisa, kinaweza kupasuka.

Samaki aliyefungwa bila hewa ana hatari yake. Aina moja ya Clostridium botulinum huota kuanzia nyuzi 3 mahali pasipo na oksijeni, na haileti harufu ya kukushtua. Kabla ya kumyeyusha kwenye friji, toboa au fungua pakiti. Chakula tayari kilichofungwa kwa namna hiyo, mathalani nyama ya vipande au samaki wa moshi, ni mlango wa Listeria, bakteria anayekua hata ndani ya friji. Wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wasikile bila kukipasha.

Tarehe: "tumia kabla ya" ni ya usalama, ikipita usile. "Bora kabla ya" ni ya ubora. Kwenye masoko ya mtandaoni yenye wauzaji wengi, muulize muuzaji picha ya tarehe na namba ya toleo kabla hajatuma, na ukipokea linganisha. Stika ya tarehe iliyobandikwa juu ya nyingine, rudisha mzigo bila mjadala.

#13 Msomaji_Mpya

Asanteni wakuu, nimejifunza mengi. Kipimajoto gani ninunue, na nakitumiaje bila kuharibu chakula?

#14 KipimaJoto

Nunua cha sindano chenye ncha nyembamba, kinachosoma kuanzia chini ya sifuri hadi 100 au zaidi. Kile cha kuelekeza mwanga kinasoma uso tu, na juu ya karatasi ya alumini inayong'aa kinadanganya kabisa, kwa sababu kinapokea joto linaloakisiwa kutoka pembeni.

Kihakiki kwanza. Jaza kikombe barafu iliyopondwa, mimina maji hadi yafike usawa wa barafu, koroga, tumbukiza sindano sentimita 5 bila kugusa kuta, subiri sekunde 30. Kisome 0, kikizidi au kupungua kwa nyuzi 1 si neno. Maji yanayochemka hayafai sana kwa hili ukiwa nyanda za juu, maana kiwango cha kuchemka hushuka karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300.

Kupima: futa sindano kwa spiriti, ichome kwenye sehemu nene kuliko zote bila kugusa mfupa wala kitako cha chombo, subiri namba itulie. Kwa pakiti za baridi ambazo hutaki kuzitoboa, weka sindano kati ya pakiti mbili, zibane pamoja kwa dakika moja au mbili. Futa tena kabla ya chakula kingine, hasa ukitoka kwenye kibichi.

#15 Nje_Mlangoni

Swali dogo: kuachiwa mlangoni bila kukutana na msafirishaji ni salama zaidi au hatari zaidi?

#16 Mizigo_Baridi

Utaratibu ule ulienea mwaka 2020 kwa ajili ya korona, kupunguza kukaribiana kwa watu. Kwa chakula chenyewe unaongeza muda, jua na wanyama, na unapoteza nafasi ya kukagua lakiri mbele ya mtu. Kama lazima uutumie, weka kiti au kasha lenye mfuniko kivulini, washa taarifa za programu, toka ndani ya dakika 5. Kama haupo nyumbani, usiagize.

#17 Maabara_Usiku

Naongeza jambo la mwisho upande wangu, ukishaumwa.

Usitupe mabaki. Yafunge kwenye mfuko safi, andika tarehe na saa, yaweke kwenye friji. Nasema friji, kwa sababu friza huua sehemu kubwa ya Clostridium perfringens na kipimo kinaweza kutoka safi wakati chakula kilikuwa kichafu. Hifadhi risiti, picha za lakiri na lebo. Andika kila ulichokula na kunywa saa 72 zilizopita, si oda ile tu, na uliza waliokula pamoja nawe. Watu wawili wa nyumba tofauti walioumwa, wanaoshirikiana mlo mmoja tu, ni ushahidi mzito kuliko hasira ya mtu mmoja.

Kunywa maji ya chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Nenda hospitali ukiona damu kwenye choo, homa inayozidi 38.5, kutapika kusikozuilika, mkojo kuwa mchache na mweusi, au kuhara kupita siku 3. Mtoto mchanga, mjamzito na mzee wasisubiri hayo. Ukiwa na damu au homa, usinywe dawa ya kuzuia kuhara. Toa sampuli ya choo kabla ya kumeza antibiotiki, la sivyo maabara inaweza isimpate mhusika.

#18 Mkagua_Vibali

@Maabara_Usiku umenifungulia njia. Malalamiko yapelekwe sehemu mbili. Kwenye programu utarudishiwa pesa, na mara nyingi tiketi hufungwa hapohapo, jiko linaendelea kupika. Mamlaka ya chakula ndiyo yenye uwezo wa kuingia jikoni, kuchukua sampuli na kufungia. Ukiandika kwao, weka namba ya oda, jina la jiko kama linavyoonekana kwenye programu na jina la kisheria kwenye risiti, anwani, saa ya kupokea, saa ya kula, saa dalili zilipoanza, na idadi ya walioumwa. Saa ya dalili kuanza usiikadirie kwa maneno kama "usiku". Andika saa na dakika, maana mpelelezi ataanzia hapo kukisia kimelea ni kipi na chakula kipi kichukuliwe sampuli kwanza.

#19 JikoNyuma

Na kwa wenye majiko mnaosoma kimya: wekeni akiba ya kila chakula mnachouza. Gramu 100 kwenye mfuko safi, tarehe na saa, kwenye friji siku 3. Malalamiko yakija, hiyo ndiyo itakayoonyesha kama tatizo lilikuwa kwenu au lilianza baada ya mfuko kutoka mlangoni.